Mashine na Haki Yetu

Ndugu wafanyakazi wa Kiamaiko,

Mashine mpya imeingia maofisini. Ni programu ya kompyuta inayofungua kurasa za intaneti yenyewe, ikasoma bei na majina, ikayanakili. Kazi ambayo makarani wetu huifanya kutwa nzima.

Sisi hatuikatai mashine. Tunachokataa ni mfanyakazi kufukuzwa kimya kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yamtaka mwajiri anayepunguza watu akiarifu chama mwezi 1 kabla, tena alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Asiye mwanachama huandikiwa barua peke yake, na kidole kimoja hakivunji chawa. Basi jiandikisheni chamani kabla barua haijafika.

Umoja ni nguvu!