Jogoo hawiki? Pima sukari kwanza!

Leo ni zamu ya kinababa, ila akina dada ruksa kuchungulia.

Nimekatiza Mwanjelwa pale Mbeya, nimezunguka Mashine Tatu kule Iringa, kote wauza mizizi wanatangaza dawa ya nguvu za kiume. Mnunuzi anaangalia huku na huku kama mwizi, analipa, anatokomea. Ukimbana, atasingizia baridi ya Juni. Kinachoniudhi, hakuna anayemwuliza: kiu vipi? Usiku unaamka mara ngapi kukojoa?

Iko hivi jamani. Ili jogoo awike, damu lazima ifike na mishipa ya fahamu ipeleke habari. Sukari ikizidi mwilini miaka na miaka, inaharibu mishipa yote, ya damu na ya fahamu. Kichwa kinataka, mwili unagoma. Wengine mbegu zinarudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Mtoto hapatikani, na mama wa watu ndiye anaitwa tasa!

Siyo porojo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha wanaume 312 wa kliniki ya kisukari Muhimbili, na zaidi ya nusu walikuwa na tatizo hilo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 nao ulikuta kisukari kwa watu kama 9 katika kila 100 wa miaka 25 hadi 64. Wengi hawajijui. Kwa baadhi yao, jogoo kunyamaza ndiyo dalili ya kwanza.

Vile vidonge vya bluu vilivyoingia sokoni Marekani mwaka 1998 vinasaidia wengi, lakini akuandikie daktari. Ukivichanganya na baadhi ya dawa za moyo, presha inaporomoka, unaweza kufa. Na ile mizizi ya kwenye chupa? Hata kilichomo hukijui.

Kwa hiyo mshikaji, kabla ya kumnunia mkeo au kumpa mganga hela ya mbolea, nenda hospitali. Ni tone moja tu la damu kidoleni. Ukikutwa nayo, dawa, mazoezi, kupunguza ulanzi na kuacha sigara vinasaidia, hasa ukiwahi. Ukichelewa, sukari haiishii kwa jogoo. Inafuata macho, figo na miguu.

Haya, tukutane wiki ijayo. Pima kwanza!