Oili ya injini: mkulima ajifunze kuimwaga mwenyewe

MKULIMA wa Susuni, wilayani Tarime, anajua bei ya mfuko wa mbolea. Anajua mnunuzi wa Sirari atamlipa kiasi gani kwa gunia la mahindi, na ukimbana atakueleza hata nauli ya mkungu wa ndizi hadi Musoma. Lakini muulize pikipiki yake ilimwagwa oili lini mara ya mwisho. Jibu la wengi ni kwamba fundi ndiye anayejua.

Fundi naye hajui. Kwa siku anashika pikipiki kumi, haandiki popote, na kazi yake ni kumaliza haraka ili amhudumie mwingine. Matokeo yake ni kwamba chombo kilichonunuliwa kwa fedha za kahawa au kwa kuuza ng'ombe wawili hakina mtu anayefuatilia uhai wake.

Hili si suala la mafundi peke yao. Ni suala la uchumi wa kaya. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipotambua pikipiki kuwa usafiri wa abiria wa kulipia, bodaboda imekuwa kitega uchumi cha kwanza kwa familia nyingi za vijijini. Ukiongeza Noah zinazobeba watu na mizigo kwenda mnadani, pikapu, pawatila, pampu za maji na mashine za kusaga, utaona kwamba mkulima wa leo ana injini karibu naye kila siku ya wiki. Mbolea haifiki shambani bila injini, na mazao hayafiki sokoni bila injini.

Tuanze na hesabu, na msomaji aweke bei za kwake mahali pa hizi. Tuseme bodaboda inatembea kilometa 100 kwa siku na oili inamwagwa kila kilometa 1,500. Hizo zinakwisha kwa siku 15, maana yake mara 24 kwa mwaka. Tuseme lita moja ya oili ni Sh 10,000 na fundi anachukua Sh 2,000. Ukifanya kazi hiyo mwenyewe unabakiwa na Sh 48,000 kwa mwaka. Ni fedha, lakini si sababu kubwa ya kujifunza. Faida kubwa ni kwamba utajua ni oili gani imeingia, imeingia kiasi gani, na lini.

Maana hasara ya kweli inatokana na kuchelewa. Anayemwaga kila kilometa 3,000 badala ya 1,500 ataona ameokoa lita 12 kwa mwaka, yaani Sh 120,000. Sasa ringi zikila silinda, pikipiki ikaanza kutoa moshi wa bluu, itabidi silinda ichongwe na pistoni inunuliwe. Tuseme matengenezo yamefika Sh 200,000 na pikipiki imelala siku 10 wakati hesabu ni Sh 8,000 kwa siku. Jumla ni Sh 280,000. Akiba ya oili imeliwa yote, na deni la Sh 160,000 limebaki juu yake.

Kwa nini basi watu huchelewa? Hapa wenye pikipiki wasikilize vizuri. Katika utaratibu wa kupeleka hesabu kila siku, wamiliki wengi humwachia kijana gharama ya oili. Kijana hana hisa katika injini ile. Ikifa mwakani, huenda yeye yuko kwa tajiri mwingine. Lakini lita ya oili inatoka mfukoni mwake leo, siku ambayo hesabu haijatimia. Atasogeza mbele siku mbili, kisha wiki. Huo si uvivu wala uhuni. Ni mtu anayepiga hesabu zake sawasawa kwa mkataba aliopewa. Dawa yake ni mmiliki kununua oili mwenyewe, au kuikata kwenye hesabu kwa makubaliano, na kuona kwa macho inapomwagwa. Kijana aliye kwenye mkataba wa kuwa mmiliki baada ya muda fulani huwa na tabia tofauti kabisa na chombo hicho hicho.

Sasa tuje kwenye oili yenyewe. Ndani ya injini, vyuma vinapita juu ya vyuma mara maelfu kwa dakika. Oili inaweka utando kati yake, inaondoa joto mahali ambapo hewa au maji hayafiki, na inabeba masizi na vumbi ili visigande. Kadiri inavyofanya kazi ndivyo viungo vyake vinavyochoka. Barabara zetu za vumbi na milima ya Tarime, ambako pikipiki hupanda na gia nzito ikiwa na magunia mawili, huichosha mapema zaidi. Kitabu cha mtengenezaji kinapotaja kilometa nyingi, mara nyingi kinazungumzia barabara nzuri, na vitabu vingi vyenyewe huagiza muda ufupishwe kwenye vumbi na mizigo mizito.

Kwenye chupa kuna namba kama 20W-50. Ile ya kwanza inaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili uzito wake injini ikishapata moto. Wapo wanaoamini kuwa oili nzito ndiyo bora kwa kila chombo. Sivyo. Magari madogo ya Kijapani yanayoingia nchini siku hizi, kama IST na Passo, yametengenezwa kwa oili nyepesi ya aina ya 5W-30, na ukiyawekea ile ya trekta inachelewa kufika juu ya injini asubuhi. Kuna pia herufi za API. Inayoanza na S ni ya petroli, inayoanza na C ni ya dizeli, na herufi inayofuata ikiwa mbele zaidi katika alfabeti ndiyo ya kiwango kipya zaidi. Kwa pikipiki tafuta maandishi ya JASO MA. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea katika oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano ambayo huifanya klachi iteleze. Kijana hulalamika pikipiki haina nguvu mlimani, kumbe ni chupa aliyonunua.

Nunua chupa yenye lakiri isiyoguswa na alama ya ubora ya TBS, au ya KEBS kama imetoka ng'ambo ya Isebania. Oili ya kupima kwa kikombe kutoka kwenye dumu lisilo na jina ni kamari. Na ukimaliza chupa, itoboe kabla ya kuitupa. Chupa nzima yenye jina kubwa ina soko kwa watu wanaochuja oili chafu na kuijaza upya.

Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Washa injini dakika tatu hadi tano ili oili ilainike na ibebe uchafu, kisha izime na uache ipoe kidogo, maana oili ya moto inaunguza mkono. Chombo kiwe mahali tambarare. Kama ni gari na lazima uingie chini, usiamini jeki peke yake hata kwa dakika moja. Ziba magurudumu kwa mawe na weka stendi imara chini ya chasisi. Watu wamekufa kwa kuamini jeki. Magari marefu kama pikapu mara nyingi hayahitaji hata kunyanyuliwa.

Weka karai chini ya nati ya kumwagia. Kwa Toyota nyingi ni spana namba 14. Hapa kuna kosa linalogharimu sana: gari lenye gia za kujiendesha lina nati nyingine ya kumwagia oili ya gia, na ukifungua hiyo kisha ukajaza oili ya injini juu, gia itakauka na injini itafurika. Hakikisha kabla ya kukaza mkono. Oili ikishatiririka hadi kudondoka tone tone, futa nati, angalia washa yake kama haijabonyea, na uianze kwa vidole ili hesi zisiharibike. Spana imalizie tu. Kukaza kwa nguvu zote ndiko kunakotoboa masufuria ya oili.

Filta hufunguliwa kwa mkono au kwa mkanda wa kufungulia. Kagua kwamba mpira wa filta ya zamani haukubaki kwenye injini, paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, kisha kaza kwa mkono tu. Pikipiki nyingi badala ya filta hiyo zina chujio dogo la waya la kuoshwa kwa petroli na kukaushwa. Jaza oili kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Usimimine yote. Noah huchukua karibu lita 4, hivyo anza na tatu na nusu, washa injini kidogo, izime, subiri dakika chache, kisha soma stiki na uongeze hadi ifike kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Kuzidisha nako ni hasara, kwa kuwa oili hupigwa povu na kusukuma sili zianze kuvuja.

Kabla hujaimwaga ile ya zamani chomboni, iangalie. Weusi peke yake usikutishe, hasa kwenye dizeli, maana inaonyesha oili imebeba masizi kama inavyotakiwa. Rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia. Vipande vinavyong'aa ni beringi au gia zinazosagika. Hapo mwite fundi, na umlipe vizuri, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayostahili ujuzi wake.

Kisha chukua daftari la shule uandike tarehe, kilometa, aina ya oili na bei. Kwa mashine ya kusaga andika saa. Kama kitabu chake kinasema saa 200 na inasaga saa 8 kwa siku, hizo ni siku 25. Wenye mashine wengi husubiri hadi ianze kugonga.

Tumefika kwenye jambo ambalo linatupa wasiwasi kuliko yote. Watu wakianza kumwaga oili nyumbani, oili chafu itakwenda wapi? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hueleza kuwa oili ya gari moja iliyomwagwa mara moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Vijito vya nyanda za juu za Tarime, ambako mama zetu huchota maji na ng'ombe hunywa, mwisho wake ni Ziwa Victoria. Oili iliyotumika ina madini mazito na kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Wapo wanaoipaka kwenye vidonda vya mifugo na wengine huwashia moto jikoni. Waache. Kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa kumezoeleka, lakini oili hiyo huoshwa na mvua hadi ardhini, hivyo nguzo kama hizo zisiwe karibu na kisima wala bustani ya mboga.

Kwa sasa mwananchi aihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, bila kuichanganya na petroli, maji ya rejeta wala oili ya breki, maana ikichanganyika hata mnunuzi wa oili chafu haitaki. Lakini dumu la nyumbani linajaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kutupa taka za hatari ovyo, na haitoshi kumwambia mkulima asitupe bila kumwonyesha pa kupeleka. Tunaishauri Halmashauri ya Wilaya ya Tarime iweke mapipa katika vituo vya mafuta vya Sirari na Tarime mjini, na kuingia mkataba na mkusanyaji mwenye kibali anayelipia kwa lita. Vyama vya msingi vya kahawa navyo vinaweza kuleta ndoo za lita 20 zenye lakiri kwa bei ya jumla kwa wanachama, na gari lililoleta oili mpya lirudi na ile chafu. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tarime kikiongeza mafunzo ya siku mbili, siku ya mnada isiwe mojawapo, vijana wa bodaboda watahudhuria.