Hadithi ya Sekunde Saba

Idadi yenyewe haijatulia. Sinza, Dar es Salaam, watakwambia ni sekunde saba. River Road, Nairobi, wanasema kumi. Na hakosekani kijana wa video za harusi anayeapa kwamba ni thelathini, maana kaka yake aliwahi kufanya kazi redioni. Hesabu zinagongana lakini imani ni moja: ukichukua kipande kifupi cha wimbo wa mtu ukakipachika kwenye filamu yako, hudaiwi kitu. Wimbo unaanza kuwa na mwenyewe pale tu unapozidisha.

Imani tamu hiyo, na imelea watengeneza filamu wengi wa Afrika Mashariki. Ila haimo katika sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 haitaji sekunde hata moja, na ya Kenya ya mwaka 2001 vilevile. Kinachoruhusiwa ni kunukuu kwa kiasi cha haki na kwa sababu inayoeleweka, kwa mfano kuuhakiki wimbo wenyewe, na kumtaja mwenye kazi. Kumliza mtazamaji wakati binti anaachwa stendi ya mabasi si uhakiki.

Anayedhani hayo ni maneno ya wanasheria tu amuulize aliyetengeneza Mad Hot Ballroom. Hiyo ni filamu ya hali halisi ya mwaka 2005, kuhusu watoto wa darasa la tano wa New York wanaojifunza kucheza dansi za ukumbini. Katika onyesho moja simu ya mtu inalia. Mlio wake ni muziki wa filamu ya Rocky. Hakuna aliyeupanga, kamera ilikuwa inazunguka na simu ikalia, basi. Zilikuwa sekunde sita. Kampuni ya EMI, iliyokuwa inashika haki za utunzi huo, ilidai dola 10,000. Baada ya kubembelezana na kuvutana, ilikubali 2,500. Msomaji akikasirika hapo ana haki yake, kwa kuwa bei ile ya kwanza haikuwa na haya. Lakini hasira haikumwondolea mtayarishaji deni.

Sekunde sita bado ni nyingi. Kesi iliyowafundisha adabu Wamarekani ilihusu mbili. Mwaka 1998 ilitoka filamu ya kuchekesha iitwayo I Got the Hook Up, na ndani yake ulikuwamo wimbo wa kundi la N.W.A. Wimbo huo ulikuwa umebeba mlio wa gitaa ulionyofolewa kwenye rekodi ya Funkadelic. Sekunde mbili tu za gitaa, zikashushwa sauti na kurudiwarudiwa hadi asiyejua asizitambue. Waliodai haki ya rekodi ile, kampuni ya Westbound Records, waliifikisha kampuni ya filamu mahakamani. Jaji wa kwanza aliona ni kitu kidogo mno cha kusumbulia watu. Mahakama ya rufaa ilimpindua, na katika hukumu yake ya mwaka 2005 ikasema kwa ufupi kwamba atakaye kunyofoa rekodi ya mtu achukue leseni, la sivyo aache.

Ni kweli, mahakama nyingine ya rufaa ya Marekani, mwaka 2016, haikukubaliana na hukumu hiyo. Ilikuwa kesi ya wimbo wa Madonna, na kilichogombewa ni mlio wa tarumbeta usiofika hata robo ya sekunde. Anayetaka kujificha chini ya hukumu hiyo anakaribishwa, mradi wimbo anaoupenda utoshe kwenye robo ya sekunde na awe na wakili wa kumlipa.

Siku hizi mambo wala hayafiki mahakamani. YouTube ina mashine inayolinganisha sauti ya kila video na rekodi zilizosajiliwa, na mashine haijui huruma. Filamu inapanda Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi mapato yake yanaelekezwa kwa mwenye wimbo, au picha inazuiwa katika nchi kadhaa. Mtengenezaji analalamika kwamba ameonewa kwa sekunde chache.

Imani hii ina pacha wake, na huyu ndiye mwenye maneno matamu zaidi. Anaitwa “tunamtangaza”. Mwongozaji anayelisema hilo amelipia jenereta na mafuta yake. Amelipa bodaboda aliyeleta nguo za waigizaji. Amemlipa mama lishe wali na maharage kwa siku tisa, na hakumwambia kwamba filamu itautangaza wali wake. Ni mwanamuziki peke yake anayelipwa kwa jina. Tena mara nyingi ni jina alilokuwa nalo tayari, kwa sababu wimbo ulichukuliwa kwa kuwa unajulikana. Anayetangazwa hapo ni nani?

Kesi na mashine ni nusu ya habari. Sekunde za bure zinaiharibu filamu yenyewe, na hilo halisemwi sana.

Saa sita usiku, feni inazungusha joto lilelile, mhariri ana onyesho la mama anayefunga sanduku la mwanawe. Picha imekauka. Anafungua folda ya nyimbo, anaburuta wimbo wa dansi wa zamani na kuuweka chini ya picha, “wa kushikilia tu”. Gitaa linaingia, na mama anaonekana mwenye huzuni kuliko alivyoigiza. Kesho yake mwongozaji anatazama, anafuta machozi, anasema usiguse. Wiki mbili baadaye kila mkato wa onyesho umefuata mapigo ya gitaa lile, na wimbo hautoki tena bila kubomoa kila kitu. Hakuna mtu aliyekaa akauchagua. Umejiotea tu, kama mpapai uani.

Mwongozaji Stanley Kubrick naye aliugua ugonjwa huu. Alimwajiri Alex North atunge muziki wa 2001: A Space Odyssey, na wakati huohuo akawa anahariri kwa rekodi za kina Strauss na Ligeti za kushikilia nafasi. Akazizoea, na muziki wa North ukaachwa. North aligundua akiwa ameketi ukumbini mwaka 1968, akitazama filamu akisubiri kazi yake isikike. Matokeo yalikuwa makubwa, hakuna anayebisha. Ila Kubrick alikuwa na studio ya MGM nyuma yake. Mtu wa Kinondoni nyuma yake ana mkopo wa kikoba.

Ni afadhali kutazama yaliyomfika asiye na studio. Charles Burnett alipiga Killer of Sheep mtaani Watts, Los Angeles, siku za mwisho wa wiki, kwa gharama isiyofika dola 10,000. Ilikuwa kazi yake ya shahada chuoni UCLA, na aliikabidhi mwaka 1977. Aliijaza muziki wa Wamarekani weusi, kuanzia Paul Robeson hadi Earth, Wind & Fire, na aliuchagua kwa sikio la ajabu. Hakuwa mjanja wala mwizi. Alikuwa mwanafunzi, na kazi za darasani hazikatiwi tiketi. Lakini filamu ikawa kubwa kuliko darasa. Mwaka 1990 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa nchini Marekani, na bado haikuweza kuingia kwenye majumba ya sinema, kwa sababu nyimbo hazikuwa zimelipiwa.

Ilitoka mwaka 2007. Miaka 30 ilikuwa imepita, na haki za muziki ziligharimu takriban dola 150,000, yaani zaidi ya mara 15 ya gharama ya kuipiga. Hata hapo wimbo mmoja haukupatikana. Onyesho la mwisho, machinjioni, Burnett alikuwa ameliwekea “Unforgettable” wa Dinah Washington. Ikabidi uwekwe wimbo mwingine wa mwimbaji huyohuyo, uliokwisha kusikika mapema katika filamu. Wapo wanaouona mbadala huo kuwa mzuri zaidi. Labda. Lakini uamuzi wa jinsi filamu itakavyoisha ulikuwa umetoka mikononi mwa aliyeitengeneza.

Hapa ndipo wanaosema pesa ni adui wa sanaa wanapojichanganya. Bei ya wimbo inaua sanaa inapokuja mwishoni, kila kitu kikiwa kimeshakatwa na kushonwa. Ikijulikana wakati hadithi bado iko kwenye karatasi, inakuwa kama bei ya mbao kwa seremala: anapima, anachagua, anachora meza nyingine.

Jordan Peele alipotengeneza Get Out, iliyotoka mwaka 2017, bajeti yake ilikuwa dola milioni 4.5, kiasi ambacho Hollywood ni cha chai. Hakukimbilia kuijaza nyimbo za mastaa. Alimsikia mtunzi Michael Abels kwenye YouTube. Abels alikuwa mwalimu wa muziki shuleni, hajawahi kutungia filamu kubwa. Peele alitaka sauti za watu weusi zinazomwonya shujaa wa hadithi bila mtazamaji wa Marekani kuelewa maneno, na Abels akaandika wimbo wa Kiswahili, “Sikiliza kwa Wahenga”. Mtu wa Tanga angesema “wasikilize wahenga” na kuacha hiyo “kwa” nje, lakini tusimvue mtu nguo kwa kihusishi. Minong'ono ile mwanzoni mwa filamu inasisimua ngozi Chicago na Mwanza pia, na Mswahili anapata nyongeza ambayo wengine hawaipati: anajua kijana anaambiwa akimbie. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 250. Peele aliongeza nyimbo chache za kukodi, mmojawapo wa Childish Gambino, kila mmoja kwa kazi maalumu.

Na wimbo wa kukodi hauhitaji kuwa unaotamba. Waliotengeneza The Constant Gardener mwaka 2005, filamu iliyopigwa kwa sehemu kubwa Kenya, waliuchukua “Kothbiro” wa Ayub Ogada. Ulikuwa umetoka katika albamu ya mwaka 1993, haukuwa kwenye chati yoyote, na umeimbwa Kijaluo juu ya nyatiti. Asiyejua neno la Kijaluo hajui kwamba mvua inakuja, lakini anajua kuna kitu kinakuja. Mtu aliyechagua wimbo huo alikuwa amesikiliza nyimbo nyingi kabla, na mwenye wimbo alikuwa anajulikana ni nani.

Kujulikana kwa mwenyewe ndiko kunakosumbua zaidi, na hapo watetezi wa kulipa nao wasijisifu mapema. Kulipa si lazima kuwe haki. Solomon Linda alirekodi “Mbube” Afrika Kusini mwaka 1939, na utunzi ukaenda kwa kampuni ya rekodi kwa shilingi kumi. Ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno, ukawa “The Lion Sleeps Tonight”. Timon na Pumbaa walipouimba kidogo tu katika The Lion King ya mwaka 1994, Disney ilikuwa na leseni, tena halali, kutoka kwa kampuni ya Marekani. Linda alikuwa amefariki mwaka 1962 akiwa maskini, na binti zake walikuwa Soweto. Ilibidi wafungue kesi mwaka 2004 ndipo yakapatikana maafikiano mwaka 2006: malipo ya nyuma, sehemu ya mirabaha ya baadaye, na jina la baba yao kutambuliwa kwenye utunzi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtengeneza filamu halipaswi kuwa “sekunde ngapi” wala “shilingi ngapi”. Aulize wimbo ni wa nani. Katika taarab aliyeandika shairi anaweza kuwa mmoja, aliyelitia sauti mwingine, na mwimbaji wa tatu, na mashabiki wanamjua huyo wa tatu tu. Bongo Flava ina prodyuza aliyepika biti nyumbani kwake, msanii mwalikwa, na lebo inayoshika masta. Zile kanda za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zina mshika kanda, mtunzi na wajukuu wa mtunzi. Haki ya utunzi ni moja, haki ya rekodi ni nyingine, na ruhusa ya mmoja haimfungi mwenzake. Nina Paley aliligundua hilo alipomaliza Sita Sings the Blues mwaka 2008, filamu ya katuni aliyoichora karibu peke yake kwenye kompyuta ya nyumbani: rekodi alizotumia, za miaka ya 1920, hazikuwa na wa kuzidai, lakini tungo zilikuwa na wenyewe. Walianza na takriban dola 220,000 na kuishia 50,000.

Kazi ya kuwatafuta watu hawa inachosha. Taasisi za hakimiliki za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, yaani COSOTA, COSOZA na KECOBO, zina sehemu yao, lakini mara nyingi inabidi mtu apande daladala, akae sebuleni kwa familia, anywe chai, aeleze filamu inahusu nini. Akifanya hivyo kabla ya kupiga picha, anaweza kuambiwa hapana, na bado ana nafasi ya kumwita mpiga gitaa atunge kitu kipya. Bei nayo huwa ya kuzungumzika, kwa kuwa mwenye wimbo hajui kwamba filamu haiwezi kuishi bila yeye. Akienda baada ya uhariri, anaenda kama mtu anayekomboa gari lililovutwa na manispaa.

Akishaelewana nao, kuna fomu ya kujaza. Vituo vya televisheni huidai: orodha ya kila muziki uliomo, kuanzia kichwa cha filamu hadi majina ya mwisho. Ina jina la wimbo, mtunzi, mwenye rekodi, na jinsi ulivyotumika, kama ni redio inayosikika ndani ya onyesho au muziki wa nyuma ya picha. Safu ya muda imo, na humo hata kipande kifupi kama mlio wa simu huandikwa 0:06, maana mirabaha ya mtunzi inahesabiwa kuanzia hapo.