Momiji: Mti Mdogo Usiotaka Haraka

Mtu aonaye kwa mara ya kwanza mti wa bonsai katika bustani ya Kijapani aghalabu hudhani kwamba macho yake yamemdanganya. Mti una shina lililochakaa kwa umri, una mizizi iliyotanda juu ya udongo, una matawi yaliyopangika kama ya mti wa msituni, na majira yafikapo majani yake huwa mekundu kisha hupukutika. Lakini kimo chake hakizidi urefu wa mkono tangu kiwiko hadi ncha ya kidole, na chungu chake hakina kina kuliko sinia la wali. Hapo ndipo mgeni huuliza: mbegu ya mti huu hupatikana wapi?

Mbegu hiyo haipo. Hakuna mti uzaliwao bonsai. Neno lenyewe ni la Kijapani, nalo maana yake ni kilichopandwa katika chombo kipana kisicho na kina. Sanaa yenyewe Wajapani waliipokea kutoka Uchina karne nyingi zilizopita, kisha wakaipa sura yao. Momiji iliyomo chunguni ndiyo ileile ambayo ikiachwa mlimani hukua mita sita, nane au zaidi, na watu wazima wakakaa kivulini mwake. Udogo wake ni kazi ya mikono ya watu, na kazi hiyo haina siku ya kwisha, kwa maana mti ukisahauliwa misimu michache tu ama huirudia tabia yake ya porini, ama hufa.

Wataalamu wa mimea huuita mti huu Acer palmatum, jina alilolitoa Msweden Carl Peter Thunberg mwaka 1784 kwa kuwa jani lake limegawanyika kama kiganja chenye vidole vilivyotanuliwa. Wajapani nao waliona kiganja, ila si cha mtu: jina lao jingine la miti ya jamii hii, kaede, latokana na maneno yenye maana ya mkono wa chura. Ama neno momiji, hilo ni pia jina la kule kuwa mekundu kwa majani, jambo ambalo watu wa nchi ile hufunga safari kulitazama kila mwaka.

Malezi huanza kwa jambo linalowashangaza wanafunzi wote. Anayetaka mti mdogo hana budi kwanza kuuacha ukue. Mche uliotiwa katika chungu kidogo tangu utotoni huishi, lakini shina lake hubaki jembamba kama kalamu kwa miaka na miaka, kwa sababu shina hunenepa kwa kadiri ya majani na mizizi liliyonayo. Kwa hiyo mkulima mwenye akili huupanda mche wake ardhini, au katika sanduku kubwa, akauacha urefuke mita mbili au tatu. Mara nyingi huacha tawi moja karibu na chini likue litakavyo, lisikatwe wala kukunjwa, ili linyonye nguvu na kulinenepesha shina. Wakulima huliita tawi la kafara, kwani mwisho wake ni msumeno. Siku shina likifikia unene unaotakiwa, mti hukatwa ukabakia kisiki kifupi, jeraha likafunikwa kwa dawa nzito, na tawi dogo lililo karibu na jeraha likachaguliwa kuwa ncha mpya. Miaka mitano, pengine kumi, imekwisha kupita, na kilichopo ni kisiki chenye kovu. Hapa ndipo wengi wangekata tamaa, wala hawalaumiki.

Kabla ya hayo yote kuna shughuli ya mizizi, ambayo afanyaye uzembe ndani yake hawezi kuirekebisha kirahisi. Mche utokao katika mbegu hushusha mzizi mmoja mrefu chini kama msumari. Mkulima huukata mzizi huo mapema, mche ukiwa bado mchanga, kisha huusimamisha mche juu ya kigae au kipande cha ubao na kuufunika kwa udongo, ili mizizi ilazimike kutambaa pembeni pande zote. Baada ya miaka mingi mizizi hiyo huungana na kuwa kama kitako kipana kilichoshika ardhi, na mtazamaji akauona mti kuwa ni mzee, thabiti, usiotikisika kwa upepo. Bonsai yenye taji zuri na mizizi ya upande mmoja tu haistahiwi sana. Wajuzi huinama kuangalia chini kwanza, kabla hawajainua macho.

Matawi ndiyo humletea mwanagenzi majonzi yake ya kwanza. Ili tawi lishuke au kugeuka, huzungushiwa waya wa shaba au wa alumini, wenye unene kama theluthi ya unene wa tawi, kwa mzunguko wa mshazari kuanzia mahali lilipoungana na shina. Tawi hukunjwa polepole kwa vidole gumba viwili, likaachwa hivyo hadi lizoee. Msonobari una gome gumu na husamehe mengi. Momiji ina gome laini kama ngozi ya mtoto, na katika majira ya kuchipua tawi lake hunenepa upesi kiasi kwamba waya uliofungwa ukiwa huru huweza kuzama ndani ya gome katika muda wa majuma machache. Anayeondoka kwa shughuli nyingine mwezi wa Mei na kurudi Juni hukuta alama za mzunguko zimechorwa tawini kama kovu la kamba. Alama hizo hukaa miaka mingi, na nyingine hazitoki kabisa. Wala hakuna dawa wala maombi ya radhi yanayosikilizwa na mti.

Kwa hiyo wakulima wa kale walikuwa wakiuvika waya karatasi kabla ya kuufunga kwenye momiji. Wengi hadi leo hupendelea kulivuta tawi kwa uzi badala ya waya, au kuacha kukunja kabisa na kutumia mkasi peke yake, wakikata juu ya jicho linaloelekea upande utakiwao na kulingojea tawi jipya lishike njia hiyo lenyewe. Njia hii ni ndefu kuliko ya waya, lakini matawi yaliyopatikana kwayo huwa na mikunjo ya asili isiyoonekana kuwa imeshurutishwa. Anayetumia waya hana budi kuutazama kila juma. Na wakati wa kuutoa, haufungui kwa kuuzungusha, maana ndivyo macho yavunjikavyo, bali huukata vipande vipande kwa koleo dogo. Hasara ya waya mmoja ni ndogo kuliko ya tawi lililolelewa miaka sita.

Mwezi wa Aprili kazi ya momiji haingoji mtu. Jicho linapofunguka hutoka majani mawili yakitazamana, na katikati yao kuna ncha ndogo laini iliyojikunja, ambayo ndiyo ingekuwa pingili nyingine na majani mengine mawili. Mkulima huitoa ncha hiyo kwa kibano au kwa kucha, kabla haijarefuka. Akifanya hivyo kwa wakati, pingili hubaki fupi na tawi hugawanyika kuwa vitawi vingi vyembamba, ambavyo ndivyo uzuri wa mti huu wakati wa baridi ukiwa uchi. Akichelewa siku chache tu, pingili hurefuka kama ya muwa, na haifupishwi tena. Hukatwa, na mwaka mzima ukawa umepotea kwa tawi hilo. Macho hayafunguki yote siku moja, hivyo wenye miti mingi huipitia kila asubuhi, mti kwa mti.

Ifikapo mwishoni mwa Mei au Juni, mti wenye afya na uliokwisha kupata umbo huweza kunyonyolewa majani yake, yote au sehemu, kwa mkasi, vikonyo vikiachwa. Baada ya majuma kadhaa huchipua majani mapya yaliyo madogo kuliko ya kwanza. Mtu asilifanye jambo hili kwa mche unaotakiwa kunenepa, wala kwa mti dhaifu au uliobadilishwa udongo mwaka huohuo. Ni sawa na kumwondolea mgonjwa chakula. Hata mbolea ina wakati wake. Wajapani hutumia mashudu ya mbegu za mafuta, lakini kwa mti uliokwisha kupata umbo hungoja hadi majani ya kwanza yakomae, kwa kuwa mti uliolishwa sana mapema hutoa pingili ndefu na majani makubwa ya kutisha.

Kumwagilia maji huonekana kuwa kazi rahisi ya kupewa mtoto, lakini katika bustani za Japani kuna msemo kwamba kujifunza kumwagilia huchukua miaka mitatu. Mwanagenzi hukaa kwa bwana wake miaka mitano au zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo ameshika chombo cha maji. Chungu chenyewe hakina kina, na siku ya joto hukauka mara mbili au tatu. Jani la momiji ni jembamba. Jua kali la alasiri likiandamana na upepo mkavu huunguza kingo zake zikawa za kahawia, na uzuri wa rangi ya mwisho wa mwaka ukawa umekwisha kupotea mwezi wa Julai. Kwa sababu hiyo hupewa jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Kisha mti huu wahitaji majira ya baridi ya kweli ili upumzike. Ndiyo maana wapenzi wa bonsai walioko nchi za joto hawahangaiki nao, bali huchukua miti ya jamii ya mtini, ambayo huvumilia chungu na haidai baridi.

Mahali ambapo kazi hii yote hutazamika kwa pamoja ni Omiya, kaskazini ya Tokyo, ambako leo ni sehemu ya mji wa Saitama. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi na moto uliofuata viliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo, na wakulima wa bonsai waliokuwa wakiishi mjini walitafuta mahali penye nafasi, hewa safi na maji mazuri. Mwaka 1925 walianza kuhamia Omiya na kujenga kijiji chao. Masharti waliyojiwekea yanaeleza tabia zao: mkazi awe na miti isiyopungua kumi, bustani yake iwe wazi kwa wageni, ua wake uwe wa mimea, wala asijenge nyumba ya ghorofa. Miaka kumi baadaye kijiji kilikuwa na bustani zipatazo thelathini.

Kisha ikaja vita. Wanaume waliitwa jeshini, nchi ilidai jasho la kila mtu kwa ajili ya silaha na chakula, na kulea miti ya mapambo kukaonekana ni anasa isiyo na haya. Bustani nyingi zilifungwa. Katika hali hiyo mti wa chunguni hauna njia ya kujitetea: mwembe wa uani humngoja askari arudi, bali momiji iliyokosa maji wakati wa joto la Agosti haimalizi hata juma. Miti iliyokuwa imelelewa na baba na babu ilikauka. Miongoni mwa wachache walioendelea na kazi hiyo Omiya katika miaka ile alikuwa Kyuzo Murata, na miti iliyopona ilipona kwa sababu palikuwa na mtu aliyebeba maji asubuhi na jioni, bila mnunuzi na bila sifa.

Baada ya mwaka 1945 waliofika kuitazama ni Wamarekani wa jeshi lililoikalia Japani hadi mwaka 1952. Walikuja wakiwa wageni wa udadisi, na baadhi yao walirudi kwao wakiwa na hamu ya kujifunza. Mwaka 1989 mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa bonsai ulifanyika Omiya hiyohiyo, na mwaka 2010 mji ulifungua nyumba ya makumbusho ya bonsai karibu na kijiji. Hata hivyo bustani zenyewe zimepungua, hazifikii hata theluthi ya zile za zamani. Ardhi ni ghali, na kijana akiambiwa kwamba miaka yake mitatu ya kwanza ni ya maji, huwaza mara mbili.

Mwezi wa Novemba momiji za Omiya huwa nyekundu, na wageni hujaa. Wakisha kwenda zao, na majani yakisha kupukutika, ndipo mwenye mti huuchukua na kuuweka mezani penye mwanga, auone ulivyo bila vazi lake. Huhesabu vitawi. Mahali ambapo vitatu vimetoka pamoja hubakisha viwili, kwa kuwa vitatu huvimbisha fundo. Hutafuta kama kuna kipande cha waya kilichosahaulika. Kisha huupeleka chini ya paa lililo wazi upande mmoja, mahali ambapo baridi hufika lakini barafu haishiki mizizi, ukae huko hadi Machi, macho yatakapovimba na kuwa mekundu. Na hapo chungu kitageuzwa, mizizi itachanuliwa kwa kijiti, na iliyozidi itakatwa.