KAZI ZA MIKONO: Ardhi ya Pango la Noeli kwa Vitu vya Nyumbani



Majilio yakianza, watoto nao huanza kuuliza: "Mama, mwaka huu tutakuwa na pango?" Wengi wetu tunazo sanamu ndogo za udongo au za mti, lakini tunakosa mahali pazuri pa kuzisimamisha. Mapambo ya dukani yana bei, na Januari iko mlangoni na sare, viatu na madaftari yake. Si haki ada ya furaha ya siku moja ilipwe kwa daftari la mtoto. Tena hakuna sababu. Mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa pango kule Greccio, Italia, alitumia hori, nyasi, ng'ombe na punda. Sisi wa Kigoma na Ujiji nasi tutumie vya kwetu.

Vitu vinavyohitajika

– Ubao mwembamba au boksi gumu, kama ukubwa wa sinia.
– Magazeti ya zamani au karatasi ya mfuko wa saruji.
– Unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala au watengeneza mitumbwi.
– Mchanga mkavu wa ziwani.
– Maganda ya mise, yaani yale magumu yanayobaki kokwa za michikichi zikipasuliwa.
– Majani ya chai yaliyokwisha tumika, maganda ya mayai na udongo mwekundu.
– Unga wa muhogo wa kupikia gundi.

Gundi

Koroga vijiko 3 vya unga katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Bandika jikoni kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka iwe nzito na ing'ae. Ipoe kabla ya kuitumia. Pika ya siku moja tu, maana ikilala huchacha.

Namna ya kutengeneza

1. Kunja magazeti kuwa mabonge, yapange juu ya ubao kama vilima. Funika kwa vipande vya karatasi vilivyopakwa gundi, tabaka mbili au tatu. Acha yakauke kabisa.

2. Changanya unga wa mbao na gundi mpaka ushikane kama ugali mlaini. Paka juu ya vilima, unene usiozidi ule wa kidole kidogo. Ukipaka nene, juu hukauka na ndani hubaki na maji. Baadaye hupasuka au huota ukungu.

3. Kabla haijakauka, bandika maganda ya mise yawe miamba. Yaoshe kwanza kwa sabuni na maji ya moto, kwani yana mafuta, na penye mafuta gundi haishiki. Kwa sababu hiyo hiyo, makapi ya mawese hayafai kwa kazi hii.

4. Paka gundi kwenye njia na unyunyize mchanga. Mashambani nyunyiza majani ya chai yaliyokaushwa. Huonekana kama udongo uliolimwa. Maganda ya mayai, yakioshwa na kupondwa, ni kokoto nzuri. Udongo mwekundu uliochekechwa na kukorogwa na gundi nyepesi ni rangi isiyogharimu kitu.

Tuwe waangalifu

Desemba kwetu ni mvua. Tuanze mapema, wiki ya kwanza ya Majilio, na kila tabaka tulitoe juani jua linapochomoza. Usiku tukiweke kitako mbali na sakafu, maana panya na mende hupenda gundi ya muhogo.

Watoto wasiingie majini kufuata mchanga, hasa penye majani, kwa ajili ya kichocho. Uokotwe ule mkavu wa ufukweni, uoshwe kwa maji safi nyumbani na uanikwe, usije ukanuka dagaa sebuleni.

La mwisho ndilo kubwa: tusiweke mshumaa ndani ya pango wala karibu yake. Karatasi, unga wa mbao na nyasi kavu hushika moto upesi kuliko mama anavyoweza kukimbia kutoka jikoni.

Kazi ya nyumba nzima

Baba akate ubao, wakubwa wapike gundi, wadogo wapange miamba. Wakitaka kuweka mtumbwi na ziwa pembeni mwa Bethlehemu, tusiwakataze. Luka 2:7 inatueleza kwamba Maria alimlaza Mtoto horini kwa kuwa hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Mtoto anayemwandalia Yesu mahali kwa mchanga wa ziwa lake mwenyewe ataelewa kwamba Bwana anakuja na kwao pia. Hori lenyewe liachwe tupu hadi usiku wa Noeli, kisha mdogo kuliko wote amlaze humo Mtoto Yesu.

Tunawatakia Majilio mema, ninyi na nyumba zenu.