AFYA YA FAMILIA: Taya likigoma kufunguka

Mama mmoja jirani yangu amekula uji miezi mitatu. Taya lake lilikuwa linalia “ko, ko” akitafuna, kisha likakwama. Mdomo ukawa unapitisha vidole viwili tu. Dawa na mazoezi havikutosha. Aliposikia anapewa rufaa kwa daktari wa taya, akakataa: “Watanipasua uso!”

Tuelezane basi. Mbele ya sikio kuna kiungo cha taya. Ndani yake mna kisahani laini, kama mto mdogo, kinachotenganisha mifupa. Kikiteleza, taya hulia. Kikiziba njia, mdomo haufunguki.

Taya kulia bila maumivu halihitaji tiba. Hata likikwama, wengi hupata nafuu kwa vyakula laini, kitambaa cha moto, dawa ya maumivu na mazoezi. Ikishindikana, zipo njia mbili ndogo.

Ya kwanza ni kuosha kiungo kwa sindano, iliyoelezwa na madaktari mwaka 1991. Unapigwa ganzi, halafu sindano mbili zinaingizwa mbele ya sikio: maji safi ya hospitali yanaingia kwa moja, yanatokea kwa nyingine. Mara nyingi unarudi nyumbani siku ileile.

Ya pili ni kamera nyembamba, ya milimita 2 hivi, iliyoelezwa Japani mwaka 1975. Kwa kawaida unapewa dawa ya usingizi. Daktari anaona ndani, anaosha, anaachanisha palipogandana. Vyombo vyake ni ghali na vinataka mtaalamu aliyezoea.

Ipi bora? Zote hupunguza maumivu na kufungua mdomo, hata kisahani kisiporudi mahali pake. Ndiyo maana madaktari wengi huanza na sindano. Zote zinaweza kuleta uvimbe wa siku chache; mara chache, upande wa uso hulegea kwa muda.

Angalieni sana: mdomo ukikaza baada ya kupata kidonda, au pamoja na shingo ngumu, homa au uvimbe, usingoje kesho. Kimbia zahanati! Huenda ni pepopunda au usaha wa jino. Na msimruhusu mtu alazimishe taya kwa mikono.

Jirani yangu alisikiliza yote, akauliza moja tu: “Ni sindano au kisu?” Nanyi mkipewa rufaa, ulizeni hivyohivyo, msione haya. Yeye karatasi yake ameshaichukua, anangoja siku ya safari.

Tuonane mwezi ujao.