Glavu za Shofere si Matabishi



Mlangoni mwa mgodi mmoja upande wa Kolwezi kuna biashara ndogo ambayo ingetuchekesha kama isingekuwa aibu. Kijana anakaa chini ya mti, karibu na mahali kamio zinapopanga mstari, na mbele yake ametandaza glavu jozi nne au tano juu ya gunia. Haziuzi. Anazikodisha. Amri ya mgodi imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa: bila kofia ngumu, bila viatu vya chuma, bila glavu, hakuna kuingia. Shofere asiye na glavu anarudishwa na zamu. Basi anampa kijana franka zake, anavaa, anamwonyesha zamu mikono miwili kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha, anaingia. Akitoka jioni anarudisha glavu kwa mwenyewe, na kesho atazivaa mwingine.

Glavu hizo zimeingia mgodini mara nyingi kuliko mainjinia wengine. Lakini hazijafanya kazi hata moja, kwa maana zimetoboka kiganjani, na shofere mwenye akili anazivua mara tu anapofika kwenye mzigo.

Hatumlaumu kijana, anatafuta unga. Hatumlaumu zamu, naye ameamriwa. Tunauliza jambo moja tu: zile franka zimetoka mfukoni mwa nani, na kwa haki gani?

Labda msomaji atasema: gazeti la chama, lililozoea maneno makubwa ya uhuru na utajiri wa nchi, mbona leo linashika habari ya glavu? Tunajibu kwamba utajiri huo wa nchi unapita mikononi mwa watu, na mikono hiyo ina ngozi. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Shaba na kobalti ya Kolwezi, Fungurume na Likasi inashuka mpaka Lubumbashi, inapita Kasumbalesa, inakwenda Dar es Salaam, Durban na bandari nyingine. Sehemu kubwa inakwenda kwa kamio. Mtu anayeipeleka analala chini ya gari lake siku nyingi katika mstari wa mpaka, na mara nyingi hakuna kampani inayojua kama mikono yake ni mizima.

Watu wengi wa mjini wanadhani shofere anakaa tu, anazungusha usukani. Mwulizeni mke wa shofere aliyefua nguo zake. Mabamba ya shaba yanafungwa mafungu mazito, kila fungu lina tani na zaidi, nalo limekazwa kwa mikanda ya chuma. Pembe za bamba zinakata kama wembe, na mkanda wa chuma ukikatika unaruka kama nyoka. Shofere na msaidizi wake ndio wanaokaza minyororo, wanaovuta kamba za bashi wakati wa mvua, wanaofungua mpira uliopasuka njiani Tenke saa nane ya usiku. Kobalti nayo inasafiri ndani ya magunia makubwa, unga wenye majimaji. Unga huo ukikaa juu ya ngozi siku nyingi, wako watu ambao ngozi yao inaukataa: inawasha, inapasuka, na ikikwisha kuukataa mara moja haiusahau tena. Na wengine wanabeba asidi. Hatujasahau Februari 2019, gari la asidi lilipogongana na magari ya abiria kwenye njia ya Lubumbashi na Kolwezi, watu wengi wakafa kwa kuungua. Glavu hazingewaokoa watu wale. Lakini siku ile ilituonyesha sote ni kitu gani kinachokaa nyuma ya kiti cha shofere, naye ndiye anayeshika valvu na mpira wa kumiminia.

Sasa tuje kwenye swali la nani alipe.

Bwana wa kampani ya kamio anasema: mimi ni mdogo, mgodi unanilipa bei ya chini kwa kila tani, nikinunua glavu za watu wote nitafunga. Mgodi unasema: shofere si mtu wetu, ni mtu wa bwana yule, watu wetu tumekwisha kuwapa. Hapo shofere anabaki katikati kama mpira, kila mtu anampiga teke kwenda upande wa pili, mpaka mwisho analipa yeye. Mchezo huu ni wa leo, lakini akili yake ni ya zamani. Wazee wa Union Minière wanakumbuka nyumba za kambi na posho ya unga. Walikuwa wanaambiwa ni wema wa kampani. Haukuwa wema hata kidogo. Unga ule uliandikwa katika buku la hesabu, ukaingizwa katika bei ya shaba, na shaba ikauzwa na faida juu yake. Na wafanyakazi wa Elisabethville walipogoma kuomba mshahara wa kutosha, Desemba 1941, walijibiwa kwa risasi. Kwa hiyo tunajua tangu zamani tofauti ya kitu unachopewa kwa sababu bwana amefurahi, na kitu ambacho ni sehemu ya gharama ya kazi. Cha kwanza kinaitwa matabishi. Glavu si matabishi.

Tazameni kamio yenyewe. Mpira ukiisha, je, shofere anauziwa mpira? Mafuta ya injini yakipungua, wanamkata mshahara? Hapana, kwa sababu bila mpira gari halitembei, na kila mtu anaelewa kwamba bei ya kubeba tani moja ina mpira ndani yake. Basi bila mkono mzima bashi halifungwi. Glavu ziandikwe katika mstari ule ule wa mpira na mafuta.

Sheria haituachi peke yetu hapa. Sheria ya kazi nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri aangalie kwamba kazi inafanyika katika hali inayofaa kwa usalama, kwa afya na kwa heshima ya mfanyakazi. Sheria hiyo hiyo haimwachi mwajiri akate mshahara kama anavyopenda. Imeyahesabu makato yanayoruhusiwa. Shofere anayeona mstari wa glavu katika karatasi yake ya mshahara amwulize karani, kwa adabu lakini mbele ya mwenzake: neno hili limeruhusiwa wapi? Na huko Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa, ambalo nchi yetu ni mwanachama wake tangu 1960, liliandika katika mkataba nambari 155 wa mwaka 1981 kwamba mambo ya usalama kazini yasimgharimu mfanyakazi kitu. Juni 2022 mkutano wa shirika hilo uliuingiza mkataba huo katika mikataba ya msingi. Mabwana wanaosafiri kwenda mikutano ya Ulaya kuuza kobalti safi wanaijua karatasi hiyo vizuri kuliko sisi.

Kwa hiyo fikira yetu ni hii. Mwajiri wa shofere ndiye anunue, kwa sababu sheria inamtazama yeye. Lakini mgodi usijifiche nyuma yake. Ni mgodi ulioandika amri mlangoni. Basi mgodi uandike pia katika mkataba wa kubeba mzigo kwamba bei ya tani ina glavu ndani yake, na uombe kuona kama zimegawiwa kweli. Asiyeweza kulipa amri yake asiitangaze ukutani. Na shofere mwenye kamio yake moja, ambaye ni bwana na mfanyakazi katika kiti kimoja, aziweke katika bei anayomwambia mteja, asione haya.

Kuna mtu mmoja anayesahauliwa katika maneno haya yote, naye ni msaidizi wa shofere. Mara nyingi hana mkataba, analipwa na shofere mwenyewe kwa franka za njiani. Lakini ndiye anayepanda juu ya mzigo! Tukipata glavu za mashofere tukawaacha wasaidizi mikono mitupu, tutakuwa tumefanya kama mabwana wanavyotufanya sisi. Jozi moja kwa kila mtu aliye ndani ya kamio, si jozi moja kwa kila kamio.

Hatari nyingine ni hii: bwana atakubali kulipa, halafu atanunua takataka. Tumeziona zile glavu za pamba zenye madoa ya plastiki. Kwa kubeba sanduku dukani zinafaa. Kwa mnyororo na mkanda wa chuma zinakwisha kabla ya juma kwisha, na zikilowa zinanyonya kila kitu na kukiweka juu ya ngozi. Tuseme kwa mfano jozi ya namna hiyo inakaa wiki mbili, na jozi ya ngozi nzuri inakaa miezi mitatu. Hata kama ya ngozi ina bei mara nne, bado bwana anapata faida, kwa kuwa katika miezi mitatu angenunua zile za pamba mara sita. Karani wa hesabu asipoliona hilo, mwonyesheni.

Kwa mzigo wa shaba na kazi ya bashi tunataka ngozi. Lakini ngozi nazo si moja. Ile ya juu ya ng'ombe, iliyo laini upande mmoja, inakunjika vizuri na inastahimili maji kidogo. Ile ya chini, yenye manyoya manyoya pande zote, ni nene na ya bei ndogo, inavumilia msuguano, lakini ikilowa na kukauka inakuwa kama ubao. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba lakini ina nguvu, na shofere anayefunga nati ndogo ataipenda. Kabla ya kupokea, geuza glavu uangalie kiganja: je, kuna kiraka cha pili kati ya kidole gumba na kidole cha shahada? Hapo ndipo kamba inapopita, na hapo ndipo glavu mbaya inapofunguka kwanza. Uzi umepita mara mbili? Mshono umekaa kwenye ncha za vidole, mahali pa kusuguliwa?

Zile zinazofuata kipimo cha Ulaya zina alama ya ngao ndogo yenye nyundo, na maneno EN 388. Chini yake kuna tarakimu. Ya kwanza ni ya kusuguliwa, kuanzia 0 mpaka 4. Ya pili ni ya kukatwa, mpaka 5. Ya tatu ni ya kuraruka. Ya nne ni ya kutobolewa. Kwa mabamba ya shaba msikubali tarakimu ya pili iwe 1. Lakini tarakimu zinaweza kuchapwa na mtu yeyote mwenye mashine, kwa hiyo jicho na kidole chako viangalie pia.

Mwenye kubeba asidi asidanganywe na ngozi, hata ikiwa nzuri namna gani. Asidi inaila. Huyo apewe glavu ndefu za mpira au plastiki nzito zilizotengenezwa kwa asidi, zinazofika karibu na kiwiko, nazo zikaguliwe kila safari kwa kuzijaza hewa na kuzifinya. Na sote tukumbuke kwamba glavu haivaliwi karibu na feni au mkanda wa injini unaozunguka. Hapo inavuta mkono ndani.

Anayechagua awe nani? Si mke wa bwana dukani, wala si karani ambaye hajawahi kukaza mnyororo. Sheria ya kazi inajua kamati ya usalama na usafi. Kampani ilete namna tatu za glavu, iwape mashofere wachache wa njia ya Kasumbalesa kwa mwezi mmoja, halafu kamati iziangalie zikiwa chafu. Tena ziwe za vipimo mbalimbali. Glavu kubwa kuliko mkono inanaswa, ndogo inavuliwa.

Mabwana wana neno moja ambalo lazima tulikubali. Wanasema: tukiwapa, wanaziuza sokoni. Ndiyo, wako wanaouza. Tumeziona kwenye soko la Kenya huko Lubumbashi, mpya, na karatasi yake. Dawa yake si kuwanyima wote. Glavu mpya itolewe kwa kurudisha ya zamani, iliyochakaa, na kapita aandike tarehe. Na wewe ndugu unayeuza, ujue unampa bwana ushuhuda wa kuwanyima wenzako kumi.

Wajumbe wa sendika watakapoitwa tena kwenye mazungumzo, wasiende na barua tu. Wakusanye glavu zilizokwisha, za mashofere na za wasaidizi wao, zenye mafuta na matundu, wazimwage mezani mbele ya bwana wa kamio na mtu wa mgodi pamoja, halafu wachukue jozi moja moja na kuuliza: hii, nani aliinunua?